Je, babu zetu wako motoni? Mjadala wa Wakristo kuhusu jehanamu na rehema ya Mungu

KATIKA mazishi mengi nchini Kenya, hufika wakati ambapo mhubiri huliacha jeneza na kuwageukia waombolezaji. Huwauliza: wangekufa usiku huo, wangeamkia wapi? Iwapo marehemu alijulikana kwa uchaji wake, swali hilo huwa jepesi kwa jamaa zake. Lakini iwapo alikuwa mlevi, au mzee aliyekataa kubatizwa hadi pumzi yake ya mwisho, au kijana aliyejitoa uhai, swali hilo huwachoma kama mwiba.

Baada ya hema kukunjwa na sufuria kurejeshwa kwa wenyewe, hubakia mama anayejiuliza iwapo atamwona tena mwanawe. Hubakia pia mjukuu anayewaza kuhusu babu yake aliyekufa kabla ya mmishonari wa kwanza kukanyaga kijiji chao. Je, Mungu anayeitwa mwenye rehema amewatupa watu hao motoni milele na milele?

Wengi hudhani kuwa Ukristo una jibu moja tu kwa swali hilo. Ukweli ni kwamba Wakristo wamelijadili kwa takriban miaka 1,800, na baadhi yao wamepoteza vyeo, makanisa na marafiki kwa sababu ya majibu waliyoyatoa.

Mmoja wao ni Askofu Carlton Pearson wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani. Katika miaka ya 1990, Pearson alikuwa miongoni mwa wahubiri mashuhuri wa Kipentekoste nchini humo, na kanisa lake lilivuta waumini wapatao 5,000. Kwa mujibu wa simulizi aliyoirudia mara nyingi, jioni moja alikuwa nyumbani akitazama televisheni habari za wakimbizi wa Rwanda, katika miaka iliyofuata mauaji ya halaiki ya 1994. Aliwaona watoto waliokondeana na mama zao waliokata tamaa. Kulingana na mafundisho aliyolelewa nayo, watu wale wangekufa bila kuokoka, kisha waingie katika mateso makubwa kuliko hayo waliyokuwa nayo.

Pearson alisema kwamba hapo ndipo moyo wake ulipokataa. Ikumbukwe kuwa wengi wa Wanyarwanda walikuwa tayari Wakristo, jambo ambalo mtazamaji aliyekuwa mbali hakulizingatia. Hata hivyo, swali lililomwingia halikumtoka. Alianza kuhubiri kwamba Kristo aliwakomboa watu wote, wajue wasijue. Mnamo 2004 jopo la maaskofu wa Kipentekoste Wamarekani weusi lilimtangaza kuwa mzushi. Waumini wake walitawanyika, na mwaka wa 2006 kanisa lake likapoteza jengo kwa kushindwa kulipa deni. Pearson alifariki Novemba 2023 akiwa na umri wa miaka 70, bila kuyakana mafundisho yake mapya.

Ili kuuelewa mjadala huu, ni vyema kuanza na maneno yenyewe. Neno jehanamu limeingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu, lakini asili yake ni Kiebrania, na maana yake ni Bonde la Hinomu. Bonde hilo lipo hadi leo, kusini mwa mji wa kale wa Jerusalem. Agano la Kale linasimulia kuwa humo wafalme waovu wa Yuda waliwachoma watoto kama sadaka kwa miungu, na Mfalme Yosia akapatia najisi mahali hapo ili jambo hilo lisirudiwe. Nabii Yeremia alilitaja bonde hilo kuwa mahali pa hukumu.

Wahubiri wengi husema kuwa wakati wa Yesu bonde hilo lilikuwa jaa la takataka lililowaka moto usiku na mchana. Maelezo hayo yanapatikana katika maandishi ya rabi David Kimhi, aliyeishi kusini mwa Ufaransa takriban mwaka wa 1200, yaani zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu. Hakuna ushahidi wa zama za Yesu mwenyewe unaoyathibitisha.

Kuna pia neno kuzimu. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilitumia kwa makao ya wafu wote, wema kwa wabaya, ambayo Waebrania waliyaita Sheoli na Wagiriki Hadesi. Kwa Mswahili, kuzimu ni jamaa wa mzimu na wazimu. Ni chini waliko waliotutangulia. Kwa hiyo si ajabu kwamba msikilizaji wa kawaida huyachanganya mambo mawili ambayo Biblia huyatenganisha: mahali wafu wanapongoja, na adhabu inayofuata hukumu ya mwisho.

Kuhusu adhabu yenyewe, Wakristo wamegawanyika katika makundi matatu makuu.

Kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa, hushikilia kwamba wanaokufa wakimkataa Mungu wataadhibiwa bila kikomo. Msingi wao ni maneno ya Yesu katika Mathayo 25, ambapo kondoo na mbuzi wanatenganishwa, pamoja na Marko 9 panapotajwa moto usiozimika, na ziwa la moto katika Ufunuo 20. Wanasisitiza kwamba mwalimu aliyezungumzia jehanamu kuliko wengine wote katika Agano Jipya ni Yesu mwenyewe.

Kundi la pili husema kuwa waovu hawatateswa milele, bali wataangamizwa na kukoma kuwako. Hawa hunukuu onyo katika Mathayo 10 kuhusu yule awezaye kuangamiza mwili na roho pia. Msimamo huu ndio wa Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika maeneo ya Kisii na Nyanza. Ndani ya Kanisa la Anglikana, kasisi mashuhuri John Stott alieleza mwaka wa 1988 kuwa anauegemea, ingawa kwa tahadhari. Mnamo 1995 tume ya mafundisho ya Kanisa la Uingereza nayo iliifafanua jehanamu kuwa hali ya kutokuwako kabisa badala ya mateso yasiyokoma.

Kundi la tatu hutumaini, au hata huamini kwa yakini, kwamba hatimaye Mungu atawaokoa watu wote. Nalo lina maandiko yake. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, husema Mungu anataka watu wote waokolewe. Warumi 5 humlinganisha Adamu na Kristo: kama kosa la mmoja lilivyowafikia wote, ndivyo na tendo la haki la mmoja. Wakorintho wa Kwanza 15 hutazamia siku ambapo Mungu atakuwa yote katika wote. Wafuasi wa mtazamo huu huuliza: iwapo Mungu anataka watu wote waokolewe, na ni mwenye uwezo wote, ni nani atakayemzuia?

Wengi hulidhania kundi hili kuwa zao la Wazungu wa leo waliochoka na dini. La hasha. Chimbuko lake ni Afrika. Origen alizaliwa Alexandria, Misri, yapata mwaka 185. Babake aliuawa kwa ajili ya imani, na yeye mwenyewe aliteswa gerezani katika dhuluma ya Kaisari Decius mwaka 250. Huyo hakuwa mtu wa kuichukulia imani kwa wepesi. Alifundisha kuwa moto wa Mungu ni kama moto wa mfua dhahabu au kisu cha tabibu: huumiza ili uponye. Mwisho wa yote, alitumaini, kila kiumbe mwenye akili atarejea kwa Muumba wake.

Gregory wa Nyssa, aliyeishi katika karne ya nne katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alifundisha jambo linalokaribiana na hilo. Hadi leo makanisa ya Mashariki na Magharibi humheshimu kama mtakatifu. Katika karne ya saba alitokea Isaac wa Ninawi, mzaliwa wa pwani ya Ghuba karibu na Qatar ya leo, aliyeuacha uaskofu baada ya muda mfupi na kwenda kuishi upwekeni. Isaac aliandika kuwa kinachowatesa walio jehanamu ni upendo wenyewe: uchungu wa mtu anayegundua kwamba alimkosea aliyempenda. Sehemu ya maandishi yake iliyozungumzia mwisho wa mateso hayo ilipotea machoni pa wasomi, hadi hati yake ilipotambuliwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford mwaka wa 1983.

Aliyeupa msimamo wa kwanza nguvu zake huko Magharibi naye pia alikuwa Mwafrika. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alikiri kwamba Wakristo wengi sana wa zama zake walihuzunishwa na adhabu ya milele na hawakuiamini. Katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu aliwajibu watu hao, akiwaita kwa kejeli kidogo wenye huruma. Hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kueleweka. Katika Mathayo 25 neno moja limetumiwa kwa uzima wa milele na adhabu ya milele. Ukisema adhabu ina mwisho, basi uzima nao una mwisho.

Wapinzani wake hujibu kuwa neno hilo la Kigiriki, aionios, laweza kumaanisha jambo la zama zijazo, wala si lazima lihesabu muda. Ubishi huo wa maneno haujamalizika hadi sasa.

Mnamo 543 Kaisari Justinian alitoa amri ya kulaani mafundisho ya Origen, na laana hizo zikahusishwa na Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553. Wanahistoria wangali wanabishana iwapo mtaguso wenyewe ulizipitisha, na iwapo zililenga tumaini la wokovu wa wote au dhana nyingine, hasa ile ya roho kuishi kabla ya mwili. Hata hivyo, athari yake ilikuwa bayana. Kwa karne nyingi, aliyetamka hadharani kuwa jehanamu ina mwisho alijitia mashakani. Walutheri nao, katika Ungamo la Augsburg la 1530, waliwakana waliofundisha kuwa adhabu ya waovu itakoma.

Katika karne ya 20 mlango ulifunguliwa tena. Karl Barth, mwanatheolojia wa Kiprotestanti kutoka Uswisi, alifundisha kuwa Mungu amewateua wanadamu wote katika Kristo, ingawa alikataa kusema moja kwa moja kuwa wote wataokoka. Mswisi mwenzake, padri Mkatoliki Hans Urs von Balthasar, aliandika mwaka 1986 kitabu kilichouliza Mkristo ana ruhusa ya kutumaini nini. Jibu lake lilitofautisha mambo mawili. Kujua kuwa wote wataokoka hakuwezekani, alisema, lakini kutumaini hivyo na kuwaombea wote ni wajibu, kwa kuwa hakuna anayeweza kumpenda jirani huku akiwa amekwisha kumhesabu miongoni mwa waliopotea.

Wakosoaji walimshutumu kwa kulegeza onyo la Yesu. Licha ya hayo, Papa Yohane Paulo II alimteua kuwa kadinali mwaka 1988, ingawa alifariki siku mbili kabla ya kusimikwa.

Mafundisho rasmi ya Kanisa Katoliki yangali yanashikilia kuwa jehanamu ipo na ni ya milele. Lakini Kanisa hilo, ambalo limewatangaza watakatifu maelfu, halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Julai 1999 Yohane Paulo II alieleza kwamba jehanamu ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake, zaidi ya kuwa mahali, na kwamba binadamu hawakupewa kujua ni nani walioko humo au kama wapo. Januari 2024 Papa Francis, aliyefariki Aprili 2025, aliambia televisheni moja ya Italia kuwa hupenda kuifikiria jehanamu kuwa tupu, akaongeza kuwa hayo yalikuwa mawazo yake binafsi wala si fundisho la Kanisa.

Hapa Afrika Mashariki, mjadala huu una historia yake ambayo wasomaji wengi hawaijui. Aliyeuchochea ni John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, kasisi wa Kianglikana na mmoja wa wasomi wakubwa wa dini ambao Kenya imewahi kutoa. Katika kitabu chake cha mwaka 1971, kilichotokana na utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Mbiti alichunguza namna Wakamba walivyofundishwa kuhusu mwisho wa dunia na wamishonari waliofika Ukambani kuanzia 1895.

Alichogundua ni kwamba lugha ya mafumbo ilikuwa imegeuka kuwa habari za mambo yanayoshikika. Moto ukawa moto wa kuni, na mbingu ikawa nchi ya raha inayongojwa. Watu ambao mila zao ziliwaweka marehemu karibu na boma, wakitajwa na kutunzwa na jamaa zao, ghafla waliambiwa kuwa marehemu hao hao wametengwa nao daima. Mbiti aliona ugumu mkubwa katika wazo kwamba Mungu awafufue watu walio wengi ili tu waangamie, na akaegemea tumaini kuwa hakuna nafsi itakayoweza kuukimbia upendo wake daima.

Jibu kali lilitoka kwa Byang Kato, Mnigeria aliyekuwa katibu mkuu wa muungano wa makanisa ya kiinjilisti barani Afrika na ambaye makao yake yalikuwa Nairobi. Katika kitabu kilichochapishwa Kisumu mwaka 1975, Kato alimshutumu Mbiti kwa kufungua njia ya imani kwamba wote wataokoka. Kato hakuwa mgeni wa mila za Kiafrika. Alizaliwa katika familia iliyofuata dini ya jadi, na akiwa mtoto aliwekwa wakfu kwa ajili ya ibada zake kabla ya kuokoka. Kwake, kumwambia Mwafrika kuwa wote wataokoka kulikuwa sawa na kumwambia msalaba haukuwa na haja. Desemba mwaka huo huo Kato alikufa maji katika ufuo wa Mombasa akiwa na umri wa miaka 39. Mbiti aliishi hadi Oktoba 2019.

Wawili hao walitofautiana kuhusu jibu, lakini swali lao lilikuwa moja: babu aliyekufa bila kusikia jina la Yesu yuko wapi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1964 kuwa wasioijua Injili bila kosa lao wenyewe, na wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuokolewa. Waprotestanti wengi nao husema kuwa jambo hilo ni la kumwachia Hakimu mwadilifu. Wengine, kama Kato, hushikilia kuwa nje ya kumwamini Kristo hakuna ahadi yoyote iliyotolewa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya wokovu wa wote haitoki kwa wasomi bali kwa walioumizwa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa na ndani yake wakateketea wanawake na watoto waliokimbilia humo usalama. Washukiwa wanne walioshtakiwa waliachiliwa huru na mahakama mwaka 2009. Mtu aliyepoteza mwana katika moto huo ana haki ya kuuliza: ikiwa mahakama za dunia hazikumpa haki, na mbinguni pia kila mmoja atasamehewa, basi damu hiyo italiliwa na nani?

Watetezi wa tumaini hujibu kuwa rehema haifuti hukumu. Moto ambao Origen na Gregory waliuzungumzia haukuwa mzaha. Muuaji angelazimika kuyaona aliyoyatenda jinsi yalivyo, na kuunguzwa na ukweli huo. Papa Benedict wa 16, katika waraka wake wa 2007 kuhusu tumaini, alisisitiza kuwa neema haiwezi kuigeuza dhuluma kuwa haki, wala waovu hawataketi mezani na waliowadhulumu kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakatoliki huihusisha hali hiyo ya kutakaswa na toharani, ingawa hiyo ni kwa waliokufa wakiwa marafiki wa Mungu.

Kuna pia hoja ya uhuru. Mwandishi C.S. Lewis alidai kuwa Mungu hamfungii mtu jehanamu. Mtu hujifungia mwenyewe. Upendo usioweza kukataliwa, wanasema wenye mtazamo huo, si upendo. Wapinzani wao, miongoni mwao mwanatheolojia wa Kiothodoksi David Bentley Hart katika kitabu chake cha 2019, hujibu kuwa anayechagua kuangamia milele hayuko huru, bali amepofuka. Chambilecho wahenga, mtoto akikunyea mkono huukati. Je, Mungu atamshinda mzazi kwa hasira lakini ashindwe naye kwa huruma?

Mijadala hii si ya wasomi pekee, kwani matokeo yake hufika hadi kaburini. Kwa miaka mingi aliyejiua hakufanyiwa ibada ya mazishi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimnyima wazi haki hiyo. Ile ya 1983 ikakiondoa kipengele hicho. Katekisimu ya 1992 husema kuwa maradhi ya akili na hofu kuu hupunguza hatia ya mtu, na kwamba jamaa zake hawapaswi kukata tamaa juu ya wokovu wake. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kuwa sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ilikiuka Katiba. Hata hivyo, katika vijiji vingi jamaa za marehemu wa aina hiyo wangali wanazika harakaharaka, bila nyimbo, na kwa aibu.

Ni bayana kuwa mhubiri anayesimama mbele ya familia kama hiyo hana budi kuchagua maneno yake. Anayeamini kuwa jehanamu ni ya milele hawezi kuinyamazia imani yake. Lakini hata mafundisho makali zaidi hayampi uwezo wa kujua kilichopita baina ya marehemu na Muumba wake katika dakika ya mwisho. Onyo hutolewa kwa walio hai ili wabadili mienendo. Hukumu juu ya aliyekufa haijawahi kukabidhiwa binadamu.

Kwa mama aliyebaki na swali lake baada ya hema kukunjwa, makundi yote matatu yana jambo moja yanayokubaliana. Atakayemhukumu mwanawe ni yule aliyemuumba, anayemjua kuliko majirani wanavyomjua, na ambaye, kwa mujibu wa Injili, aliwaacha kondoo 99 akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea hadi akampata.